Risasi Tano Nisizozipiga

Same, Jumapili alasiri

Mwanangu Kajiru,

Leo sianzi na hali ya nyumba wala ya mvua, maana nikianza huko nitaishia huko huko, kama kawaida yangu. Wewe umepanda mlimani Mamba kumuaga shangazi yako na utarudi na gari la jioni. Mama yako yuko jikoni anakukaangia karanga za safari, anaimba wimbo wa kwaya. Mimi nimekaa kitandani kwako na begi lako liko miguuni pangu. Nimelifungua, nimetia kitu ndani ya zile soksi zako nene za kijivu, nikalifunga tena. Nitakuambia ni kitu gani. Subiri kwanza.

Barua hii nitakupa kesho asubuhi stendi. Uisome ukiwa umeshakaa kwenye kiti, kabla basi halijaondoka. Unayajua mabasi yetu, yanapiga honi saa nzima na hayaendi popote, kwa hiyo muda utakutosha. Usimpe mama yako. Yeye nitamwambia kwa mdomo wangu, na huo utakuwa mzigo wangu.

Habari za kuchemsha maji, kuficha nauli na kutolala na viatu ameshakuimbia tangu Jumatatu mpaka masikio yako yamechoka. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni lile uliloniuliza leo mchana nikakutukana.

Uliuliza vizuri kabisa. "Baba, Mzee Chande alisema nikuulize. Nikipewa nichague kati ya bunduki ya 300 magnamu na ya 375, kwa nyati nichukue ipi?" Halafu ukacheka ukaongeza ya kwako: "Mimi naona 300. Inafika mbali. Hiyo 375 ni ya wazee." Nami nikakuita mjinga, nikasema karo yako nimeitupa shimoni, nikasukuma sahani, makande yakamwagika mpaka chini, nikatoka nje. Nilimsikia mama yako anakubembeleza, eti baba ana uchungu wa kuachwa na mtoto. Uchungu gani! Ulikuwa uoga. Tangu utoke Mwanga kwenye usaili umekuwa ukimtaja "mzee wa stoo, mzee wa stoo," na mimi nakula na kulala bila wasiwasi. Leo ndiyo umelitaja jina.

Chande anazijua risasi kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Hana haja ya kuniuliza mimi ipi inafaa nyati. Anataka kujua kama bado ninatoa lile jibu nililotoa miaka kumi na minane iliyopita.

Basi chukua kwanza jibu la bunduki, la maisha litafuata. 300 ni risasi nzuri, asikudanganye mtu. Ganda refu, baruti nyingi, kichwa chembamba, inakwenda imenyooka. Weka karatasi ya shabaha mbali, tulia, itakupa matundu matatu unayoweza kuyafunika kwa kizibo cha soda. 375 kichwa chake ni kizito karibu mara mbili, kinatoka polepole, kinaanza kushuka mapema, na bega litakuuma siku mbili. Mbele ya watu itakuaibisha kidogo. Kijana yeyote mwenye macho mazuri akiambiwa achague, atachagua 300, na wewe una macho mazuri, nilikuona siku ya mgambo. Lakini karatasi haina mfupa wa bega. Na ukiikosa karatasi haingii kichakani kukusubiri.

Na umbali wenyewe si kitu cha kusomwa kwenye boksi la risasi. Umezaliwa hapa, unajua jua likishapanda tambarare inavyochemka. Kwenye darubini mnyama anaelea, mguu unaonekana mahali ambapo mguu haupo. Upepo wa Same nao haukupi taarifa. Hapa ulipolala umetulia, kule katikati unavuma kutoka kushoto, na kichwa chepesi kinasogezwa kiganja kizima na zaidi. Kiganja kizima ndiyo tofauti ya moyo na utumbo.

Huko kwenye kambi ya uwindaji utawakuta wageni. Tangu mambo yawe ruksa na vitalu vigawiwe makampuni, wanakuja kila msimu na magnamu mpya inayojisifu kuua mbali kuliko ya msimu uliopita. Watahesabu hatua jioni nzima na bia mkononi. Muulize mmoja wao swali hili tu: ukimjeruhi huko mbali, nani anamfuata? Atakuonyesha kwa kidevu mfuata nyayo aliyechuchumaa pembeni anakula ugali. Mimi nilikuwa mbaya kuliko hao wageni, maana wao angalau hawamfahamu yule wanayemtuma.

Sasa la maisha.

Ilikuwa miaka ya foleni. Wewe ulikuwa tumboni, mimba ya miezi minne. Sabuni tulikata vipande tukagawana na majirani, sukari mpaka balozi wa nyumba kumi aandike, na unga ulikuwa ule wa yanga, wa njano, unaokaa tumboni kama udongo. Nyama tuliiongelea tu. Mimi nilikuwa askari wa wanyama kwenye ofisi moja hapa mjini, na nilikuwa na jina. Kuanzia Ndungu mpaka Mwanga waliniita Bwana Mbali. Nililipenda jina hilo kuliko lile nililobatizwa.

Chande ndiye aliyekuwa mtunza stoo ya silaha. Wazazi wake walikuja na manamba kutoka kusini kukata mkonge, naye akazaliwa kwenye kambi ya shamba. Hapa mjini, ukimtoa mkewe, hakuwa na ndugu hata mmoja. Kila sikukuu alikula kwetu, na mama yako alimpakulia yeye kabla yangu. Aliniita kaka, na hakuwa ananitania.

Asubuhi moja ikaletwa habari kutoka Ndungu. Nyati dume ametoka porini, ameingia kwenye mpunga, na siku ile ile watu wa mlimani na wa tambarare walikuwa wameitana msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfongo, maana mfereji ulikuwa umejaa tope na maji hayafiki mashambani. Sasa watu wamesimama na majembe yao, hawawezi kuingia. Nikaenda stoo mbio mbio.

"Chukua hii 375, kaka," Chande akasema. "Risasi tano hizi hapa, za kichwa kigumu."

"Na ile 300 yenye darubini nipe."

"Ya nini tena? Ile ya swala."

"Nipe, bwana. Labda atasimama mbali."

"Akisimama mbali msogelee. Nyati hatumiwi barua, kaka."

Tukacheka wote wawili. Risasi za 300 nilikuwa nimebaki nazo tangu safari iliyopita. Kitabu cha kusaini kilikuwa kimefungiwa mezani kwa mkubwa, na mkubwa alikuwa hajafika. Chande akaandika kwenye karatasi yake kwamba tano za 375 zimetoka, akasema, "Utasaini ukirudi. Nenda, watu wanasubiri." Huo ulikuwa wema, Kajiru. Wema huo ndio uliomfunga.

Ndungu niliwakuta wamejipanga mtelemkoni, watu kama arobaini na majembe, na sururu, na mapanga. Mdogo wangu alikuwepo. Ndiyo, baba yako mdogo, huyo uliyepewa jina lake. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na mahari ilikuwa imeshapelekwa. Akaniita kwa sauti watu wote wasikie: "Kaka, leo utatulisha, au utatupigia kelele tu?" Wakacheka. Na alikuwepo mkubwa mmoja kutoka mkoani, amevaa kaunda suti, amekuja kuchagua askari mmoja wa kwenda mafunzo nje ya nchi. Alikuwa ameshasikia sifa zangu. Akanipa mkono, akasema anataka kuona.

Nyati alikuwa ng'ambo, pembeni mwa matete. Nilikadiria hatua mia nne. Kwa 375 ningelazimika kushuka, kuvuka mfongo, kupita kwenye majaruba maji yakiwa magotini, mpaka hatua sitini kutoka kwake. Na hapo nikukirie jambo ambalo hata mama yako halijui. Mwaka mmoja kabla ya hapo, nyati alinipita kichakani karibu mno, nikasikia pumzi yake, na nilijikojolea. Hakuna aliyeniona. Nilikaa nikajikausha juani ndipo nikarudi kwa wenzangu. Tangu siku ile ndipo nikawa bingwa wa mbali. Watu waliona ustadi, kumbe ulikuwa uoga niliouvalisha darubini.

Basi 375 nikaiacha ndani ya Land Rover, na zile risasi tano kwenye boksi la vifaa chini ya kiti. Nikatandika gunia mtelemkoni nikalala kifudifudi. Ilikuwa saa sita kasoro. Kwenye darubini nyati alikuwa anacheza kama picha kwenye maji. Ningesubiri jua lipungue. Ningesogea. Lakini watu arobaini walikuwa wamenyamaza kwa ajili yangu, na ukimya wa watu unalevya, wewe usiombe uonje. Nikapiga.

Akaenda chini kwa magoti. Watu wakapiga mayowe ya furaha, na kabla hawajamaliza akainuka, akaingia kwenye matete.

"Umempata?" mkubwa akauliza.

"Amekufa huyo," nikasema.

Risasi ikipiga bega la nyati inarudisha mlio mkavu, kama shoka kwenye gogo. Mlio uliorudi ulikuwa wa kupiga godoro. Ni mlio wa tumbo, na hauna dawa. Nilijua. Wengi wamenihurumia wakidhani nilikosea kujua, na mimi nimekula huruma yao miaka yote hii, lakini nilijua kabla moshi haujaisha.

Kazi yetu ina sheria moja ambayo hata mlevi anaijua: uliyemjeruhi ni wako. Unasubiri, unachukua bunduki nzito, unaingia wewe. Mimi nilikuwa bado nimelala kwenye gunia langu na watu wameshaanza kushuka na mapanga, njaa ya nyama imewapanda. Kajiru akaja kwangu kwanza, kwa adabu yake.

"Kaka, tuingie?"

"Nenda kaangalie. Mimi napoza mtutu."

"Una hakika lakini?"

"Wewe! Mimi nikilenga unaniuliza hivyo?"

Akacheka, akaokota kikapu cha nyama, akaenda mbele ya wenzake. Mtutu unapozwa! Risasi moja, mtutu wa nini? Hata yeye aliona ni upuuzi, nilimwona usoni, lakini nilikuwa kaka yake.

Hakuna aliyewahi kukusimulia yaliyofuata, kwa hiyo nitakusimulia. Hakumwita Mungu wala mama yetu. Aliita "Kaka!" mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kunionya, ya pili ya kuniomba, ya tatu sijui ilikuwa ya nini. Na mimi niliinuka nikakimbia. Nilikimbilia kwenye gari. Watu waliona nimefuata bunduki kubwa, na ni kweli nilifungua boksi, nikazishika zile tano, zikajaa mkononi, nzito na baridi. Kisha nikafunga mlango kwa ndani. Nilikaa mle na vioo juu na jua lile, nimezishika, mpaka sauti ya matete ikanyamaza.

Nyati alitoka mwenyewe akaanza kupanda mtelemko. Nikashuka, nikaegemea boneti, nikampiga nne za 300 kutoka mbali. Alianguka. Watu wawili wakanikumbatia wakilia. Na nyama ililiwa, usishangae, ilikuwa miaka ya njaa. Tulimpakia Kajiru upande mmoja wa gari na nyama upande mwingine, na turubai moja likafunika vyote.

Jioni ile yule mkubwa akaniuliza, kwa upole, maana nilikuwa mfiwa: "Kwa nini hukutumia 375?"

Nilikuwa na muda wa kufikiri. Asikuambie mtu kwamba uongo ulinitoka kwa mshtuko. Nilikunywa maji kwanza. Nikasema, "Chande wa stoo aliniambia risasi zake zimekwisha."

Ni sentensi fupi. Nilidhani Chande atagombezwa, basi, yaishe. Lakini ndio ulikuwa wakati wa kusaka walanguzi na wahujumu, kila ofisi inatafuta wa kumtoa. Wakakuta karatasi yake inasema tano zimetoka, sahihi hakuna, risasi hakuna. Wakasema amewauzia majangili. Wakapekua chumba chake wakapata sabuni vipande vinne, ikawa ushahidi kwamba ana fedha. Sabuni ile ilikuwa yangu, mama yako alimpa.

Sisi Wapare wanatutania kwamba tunapenda kesi kuliko chakula. Mimi kesi yangu niliikimbia nikaenda kuwa shahidi kwenye ya mwenzangu. Nilishika Biblia. Chande akaruhusiwa kuniuliza swali, akasimama, hakukasirika, akasema, "Kaka, kumbuka vizuri." Nikakumbuka vizuri, nikasema hakunipa. Risasi zenyewe wakati huo zilikuwa nyumbani kwangu, darini, ndani ya kopo la maziwa ya unga, umbali wa kutembea kutoka kwenye kizimba alichosimama.

Alifungwa miaka mitano. Vijana wa mjini wakafanya mzaha, kila risasi mwaka wake. Na mimi nilicheka nao, Kajiru. Mbele ya duka la ushirika, nimeshika kibuyu cha mafuta ya taa, nilicheka.

Mkewe alikuja kwetu kabla ya kurudi kwenye kambi ya mkonge, amebeba mtoto mgongoni. Nilidhani amekuja kunitemea mate. Amekuja kuomba unga. Nikampimia wa yanga, akapiga magoti, akanishukuru, akasema Mungu anilipe. Nikamjibu amina.

Mafunzo ya nje sikupata, alichaguliwa mwingine. Wewe ukazaliwa, bibi yako akakupa jina la marehemu, na kila mtu akaona ni faraja kwangu. Unakumbuka siku ya manati? Ulikuwa na miaka tisa. Ulimpiga njiwa, akaingia kwenye mkonge, ukaja unaruka ruka: "Baba, amekufa!" Nikakuuliza umemwona? Ukasema hapana, lakini amekufa tu. Nilikuchapa mpaka mama yako akaja na mwiko kukutetea. Kovu la fimbo ile bado liko nyuma ya goti lako, nimeliona juzi ulipokuwa unaoga. Umeishi miaka yote ukidhani baba yako ana wazimu wa njiwa. Nilikuwa najichapa mimi, kwa mgongo wako, maana ndivyo nilivyozoea kufanya mambo yangu. Nisamehe kwa hilo kama una nafasi. Hayo mengine sikuombi.

Sasa Chande ni mkuu wa bunduki kwenye kambi unayokwenda. Nilijua tangu zamani kwamba alitoka jela mzima, na kwamba makampuni yalipokuja yalimgombania. Nilijua, nikapita mbali, ufundi wangu ule ule. Na wewe, kati ya kampuni zote, umekwenda kuangukia mikononi mwake. Umesoma jina lako mbele yake, na la ukoo wako, na mahali unapotoka. Alikutazama muda mrefu, ulisema mwenyewe. Halafu akakupa kazi. Na leo mchana, kabla sijasukuma sahani, ulikuwa umeshanipa salamu zake: "Anasema msalimie baba, na mwambie kijana wake atakaa chini yangu, hatapata shida."

Ningependa angekutukana. Ningependa angekufukuza mlangoni, ningejua nimesimama wapi. Wema wake sijui niufanye nini, sijui kama ni wema au ni kisu, na nimekaa hapa na begi lako najiona nilivyo mdogo.

Sasa nikuambie nilichotia kwenye soksi zako. Ni zile risasi. Zote tano, ndani ya kitambaa, zimeota ukungu wa kijani kwenye ganda lakini ni nzima. Nilipanga barua hii ikuambie umpe Chande mkononi, mbele ya watu ukiweza, useme zimetoka kwa baba. Nilikuwa nimeshaiandika sentensi hiyo kwenye karatasi nyingine. Nilijiona mwanamume kweli. Nikajisikia mwepesi, hata nikaenda jikoni kula karanga.

Nilipokuwa nazitafuna nikafikiria kizuizi cha polisi njiani. Wanawashusha abiria, wanapekua mabegi. Kijana wa miaka kumi na minane, risasi tano za 375, hana kibali, hana maelezo, na karatasi ya kazi inayosema anakwenda kwenye kambi ya uwindaji. Wangekufunga kabla hujafika hata Korogwe. Kwa risasi zile zile. Na Chande angesikia.

Nikajisikia mwenyewe ninasema, "Nenda kaangalie, Kajiru. Mimi napoza mtutu."

Nimerudi chumbani, nimezitoa. Nimezisimamisha kwenye meza yako, hapo ulipokuwa unasomea, na ninaandika huku zinanitazama. Soksi nimezikunja tena. Kagua begi lako ukitaka, sina haki ya kukuambia uniamini.

Jibu la swali lako ni 375. Si kwa sababu ina nguvu, ingawa inazo. Nimeichagua kwa sababu haitakuruhusu ukae mtelemkoni. Itakupeleka chini kwenye maji, karibu, mpaka uone nzi kwenye jicho lake, na hapo kama ni mwoga utajijua na utarudi nyuma na kusema wazi kwamba umeogopa. Sema. Watakucheka wiki moja. Mimi sikutaka kuchekwa wiki moja, na umeshaona bei yake. Kichwa kigumu, hatua sitini, na ukijeruhi, usimtume mtu. Hata akiwa na panga. Hata akikuomba.

Ila jibu hili usimpelekee Chande kama jibu langu. Aliniambia nyati hatumiwi barua, na tazama ninafanya nini mchana kutwa.

Jua limeshuka, nasikia gari la Mamba linaunguruma huko barabarani. Utaingia sasa hivi, utaniamkia, nitaitikia marahaba na nitashindwa kukutazama, utadhani bado nimenuna kwa ajili ya makande. Kesho nitakubebea begi mpaka stendi. Nitakupa bahasha hii dirishani. Kisha nitasimama upande ule wa stoo ya magunia, nikiwa na koti langu la jeshi, na risasi tano zitakuwa kwenye mfuko wa kulia.

Kituo cha polisi kiko ng'ambo ya barabara. Unakifahamu, kina ua wa michongoma. Kutoka pale nitakaposimama si hatua sitini, nimezihesabu leo mchana nilipotoka nje, ni arobaini na mbili, kisha nikageuka nikarudi nyumbani. Sikuahidi kitu. Ahadi zangu unazijua sasa. Naweza kuvuka nikaziweka mezani kwao, naweza kusimama pale mpaka basi lako lipotee halafu nikarudi nyumbani kupanda darini na kopo langu.

Mzee Chande akikuuliza baba amejibu nini, usimsomee nilichoandika. Mwambie ulichokiona. Ukurasa umekwisha, mwanangu, inua macho utazame dirishani.

Baba yako